Namna ya Kuikumbuka Pikipiki Usiyowahi Kuipanda

Nenda Ace Cafe, London, Jumapili yoyote isiyo na mvua. Utawakuta wazee wa Kiingereza na makoti yao ya ngozi, kila mmoja akiililia pikipiki aliyoiuza ujanani. Wewe hukuuza kitu, maana hukuwa na kitu. Usijali. Kumbukumbu haidaiwi kadi.

1. Chagua kwa akili. Triumph Bonneville usiiguse. Waliokuwa nayo ni wengi, watakuhoji. Brough Superior SS100 nayo ni chache mno, wapenzi wake wanazifuatilia kwa namba za injini. Tena Brough ndiyo iliyomwangusha Lawrence wa Arabia mwaka 1935, na mazungumzo yakishafika kwa Lawrence hayarudi kwako. Yako iwe Vincent Black Shadow, ya kiwanda cha Stevenage, iliyoanza kuuzwa 1948. Hazikufika elfu mbili. Inatosha kutia wivu bila kukuumbua.

2. Iuze haraka. Ulioa, mtoto akaja, Vincent ikageuka kigari cha kumsukumia. Taja bei ya kusikitisha, kisha nywa chai polepole. Hakuna anayemdai picha mfiwa.

3. Jiwekee kitu kimoja tu cha kukumbuka: saa ya mwendo. Ilikuwa pana inchi 5, kama kisosi, na namba zake zilifika maili 150 kwa saa. Sema uliitazama kuliko ulivyoitazama barabara. Ukiulizwa ulifika ngapi, jibu "mia na kitu" uangalie dirishani. 150 usithubutu. Aliyeivuka juu ya Vincent mwaka 1948 ni Rollie Free, Mmarekani, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, akiwa amelala kifudifudi na chupi ya kuogelea. Ukidai 150, watataka kujua na wewe ulivaa nini.

4. Hapa ndipo waongo wengi hunaswa, kwa hiyo soma mara mbili. Pikipiki za Kiingereza za enzi hizo zilikuwa na gia mguu wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kushoto. Ukisimulia kona kwa hamasa, miguu yako itacheza chini ya meza, na wazee hawa hawakutazami mdomoni. Kaa nyumbani jioni tatu uufundishe mguu wa kulia. Na kiki usiipige kirahisi katika hadithi yako. Shusha sauti, jishike goti. Injini ya cc 998 ikikataa, hurudisha teke.

5. Oili. Ukisema yako haikuvuja, umekwisha. Ilivuja, uliitandikia boksi, na mkeo alilalamika. (Mke ni huyohuyo wa kigari, usichanganye.)

6. Hatari kubwa ni kumkuta aliyekuwa nayo kweli. Usibishane. Wahi wewe kuuliza: "Yako ilikuwa ya mwaka gani?" Ataongea mpaka chai ipoe. Itikia, guna panapofaa, ibebe kila sentensi. Wiki ijayo, kwenye meza nyingine, ni yako. Ila anapofika kwenye ile kona, inama kidogo kama mtu anayefunga kamba za viatu, umtazame miguu. Ukiona gia inaingia kwa mguu wa kushoto, inuka taratibu umwagizie chai nyingine.