Kilo Nane za Ukoo

Masikio yangu bado yanawaka. Nimechuchumaa kwenye sakafu ya uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, begi limeachama, mkono wa kulia una boksa, wa kushoto una mfuko wa dagaa wa Kigoma, foleni nzima inatazama. Mara nasikia juu ya kichwa changu: "Kijana, ni wewe?" Mwalimu wangu wa hisabati wa sekondari.

"Shikamoo, mwalimu." Boksa sina pa kuificha.

"Marahaba. Umezidisha ngapi?"

"Nane."

"Nane juu ya ishirini na tatu," akatangaza, na waliokuwa hawajajua wakajua.

Wanaotufundisha kusafiri kwa utulivu husema anza mapema, beba vichache, pima begi nyumbani. Niliyafanya yote. Pasipoti ilikuwa na zaidi ya miezi sita, kadi ya homa ya manjano ipo (tangu Julai 2016 ukichanjwa mara moja inakutosha maisha), na begi lilipotundikwa kwenye mizani ya muuza samaki wa mtaani lilisoma kilo 18. Ndipo ndugu wakaja kuniaga. Shangazi na unga wa muhogo wa binamu aliyeko Hamburg. Jirani na ubuyu. Mama mdogo na achari ya maembe, "kachupa tu". Nani atamkatalia shangazi aliyemlipia ada? Nahisi hao washauri wa utulivu ni watu ambao shangazi zao hawajui wanasafiri lini.

Tena dagaa wenyewe hawakuwa na hatia. Umoja wa Ulaya unamkataza abiria kuingia na nyama na maziwa, lakini samaki unamruhusu hadi kilo 20. Kesi ilikuwa ya mizani, na mizani, jamani, ina mambo. Kilo 23 ni ratili 50 zilizogeuzwa kilo, basi. Kilo 32, yaani ratili 70, ndio mwisho wa begi moja karibu kila mahali. Ukivuka hapo hata umwage fedha begi halipokelewi, maana kuna binadamu wa kulinyanyua kwa mgongo wake. Hilo naliheshimu. Kisha mizigo hupangwa tumboni mwa ndege kwa hesabu, mbele kiasi gani na nyuma kiasi gani, kama nahodha anavyopanga magunia jahazini, na rubani hapai mpaka apewe karatasi inayoonyesha jumla ya uzito na mahali ulipoegemea. Na abiria je? Hapimwi! Anakadiriwa. Kwa kanuni za Ulaya, mtu mzima pamoja na mkoba wake wa mkononi huweza kuhesabiwa kilo 84, awe kimbaumbau awe bonge. Mwaka 2023 Air New Zealand iliwapandisha abiria kwenye mizani, kwa hiari yao, ili kuhakiki wastani wake. Mbele yangu alikuwa amepita baba mmoja ambaye wastani huo ungemwishia kiunoni. Akapewa pasi ya kupandia na tabasamu juu. Mimi, kilo 60 na viatu, nikaambiwa nipunguze dagaa.

Mwalimu, aliyekuwa na kijibegi chepesi, akauchukua unga, kilo tano. Zilizobaki nikazivaa: makoti mawili katika joto la Februari, dagaa mifukoni. Achari nikaihamishia kwenye mkoba, ikaishia kwenye pipa la ukaguzi. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji ndani ya chupa za soda, na kwa sababu hiyo, kwenye viwanja vingi, kimiminika cha zaidi ya mililita 100 hakipiti mkononi. Achari kwao ni kimiminika. Mama mdogo hajaambiwa.

Haya nayacheka. Ya viza siyacheki. Mtanzania anayetaka viza ya Ulaya, ile ya Schengen, hulipa yuro 90, ambazo zilipanda kutoka 80 mwezi Juni 2024, hupeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua ya mwaliko na tiketi ya kurudi, ili kumthibitishia mtu asiyemjua kwamba nyumbani kwake anapapenda. Akinyimwa, fedha hazirudi. Mjerumani anayekuja kuona simba anatoa dola 50, hata akishatua, na hakuna anayemuuliza kama ana shamba la kumrudisha kwao. Halafu tunaambiwa tujiandae kwa utulivu. Utulivu upi, wakati jibu hutolewa siku tatu kabla ya ndege na pasipoti yako iko kwao?

Turudi uwanjani: kabla ya kupanda niliitwa kwa kipaza sauti kwa sababu jirani alikuwa ameficha pawabenki katikati ya ubuyu, na betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa chake ni marufuku kwenye mizigo ya chini. Kiti kilikuwa cha katikati.

Binamu alinipokea, akapokea kilichofika, akaniuliza narudi na kilo ngapi. Ana sufuria za shangazi.