Ukumbi wa Kenge

Katika nchi moja ng'ambo ya mito saba, ndege hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Walikuwa na miti. Kila mti ulikuwa baraza, na kila baraza lilikuwa na mzee wake na miiko yake: mkwajuni kwa Korongo ilikuwa mwiko kutukanana, mbuyuni kwa Bundi hakuna aliyefungua kinywa kabla jua halijazama, na mkunazini hapakuzungumzwa ila mbegu, mvua na malezi ya vifaranga. Aliyechoshwa na mkwaju alihamia mbuyuni pasipo kumwomba mtu ruhusa, na habari hazikumpita, kwa kuwa Kurumbiza na jamaa zake waliruka toka mti hadi mti wakipokea maneno huku na kuyatua kule, wala hapakuwa na mti uliomiliki mbawa zao.

Hatusemi kwamba miti hiyo ilikuwa pepo. Korongo na Bundi waliwahi kukosana kwa neno moja la dharau, wakawazuia wajumbe kupita baina yao misimu miwili mizima, na ndugu waliokaa miti tofauti wakabaki hawajuani hali. Mzee wa mkunazi alipochoka kufagia peke yake, aliondoka alfajiri bila kuaga; mchwa wakaingia, mti ukaanguka, na mazungumzo ya miaka yakaenda nao. Na mgeni aliyemtafuta binamu yake alibisha hodi miti kumi kabla ya kumpata, aghalabu akiwa amelala.

Ndipo akatokea Kenge, ameoga akanukia. "Enyi watukufu wenye mbawa," akasema, "mbona mnajitaabisha? Nimejenga ukumbi mmoja utakaowatosha nyote. Maji yamo, mtama umo, kila mmoja atamwona jamaa yake bila kubisha hodi, na mlangoni hapatozwi hata punje." Chiriku akataka kujua mwenye ukumbi mwenyewe hula nini; wenzake wakamwambia aache wivu.

Wakajaa. Kwanza waliingia vijana, kisha mama zao wakiwafuata vijana, kisha wazee walipoona mabaraza yamebaki matupu; na ukumbi ulipofurika, Kenge akayaziba kwa udongo madirisha yote aliyokuwa akipitia Kurumbiza, akieleza kuwa upepo wa nje huleta mafua. Tangu siku hiyo neno lililosemwa ukumbini halikutoka, na ndege aliyetaka kutoka alikwenda bila jamaa zake, bila nyimbo alizotunga humo, bila hata majina ya waliokuwa wakimsikiliza.

Kisha akamweka Kasuku juu ya kigoda, arudie kwa sauti maneno ya anayestahili kusikika. Kenge alikuwa amelala chini ya sakafu siku nyingi akihesabu nyayo, akatambua kwamba habari ya mvua huwakalisha ndege kitambo kidogo, bali ugomvi huwakalisha mpaka usiku wa manane. Jioni moja Kanga alisimama pembe ya kaskazini na kifaranga kilichofumba macho, akamwomba yeyote anayejua majani ya homa amsaidie. Kasuku akapiga miayo. Wakati uleule Kunguru akatamka kwamba Kanga hula mayai ya wenziwe, na Kasuku akalidaka neno hilo, akalipeleka pembe zote nne, akalirudia hadi koo likamkauka. Ukumbi ukawaka moto. Wengine walimlaani Kanga, wengine wakamlaani Kunguru, wote wakakesha. Na aliyeyajua majani ya homa alikuwa miongoni mwao, akipiga kelele kuliko wote.

Ndege walipolalamika kwamba hawajui tena mkweli ni nani, Kenge aliwahurumia, akatoa unyoya wa samawati wa kuchomeka kichwani, kwa kibaba cha mtama kila mwezi uandamapo. Wa kwanza kuununua alikuwa Kunguru. Akina Mnana, waliokuwa wakifagia na kuamua ugomvi pasi na ujira, walipoambiwa kwamba hata vigoda walivyojichongea wenyewe sasa vina ada, waligoma. Wakafunga midomo siku mbili kamili na siku ya tatu wakaifungua, maana walikuwa wametangaza mapema kuwa watagoma siku mbili. Kenge alizitumia siku hizo kulala.

Mayai yakaanza kupotea. Njiwa alimnong'oneza dada yake tu, katika kona ya faragha waliyopewa na Kenge mwenyewe, kwamba ametaga mawili kwenye tagaa la tatu la mwembe mkongwe. Usiku huo Kicheche akaipita miembe yote asiiguse, akaenda moja kwa moja kwenye tagaa la tatu. Kulipopambazuka, Njiwa akingali analia, akafikiwa na mchuuzi wa viota vipya na mwenziwe muuza sanda. Ndege wakaitisha kikao cha kumtafuta mvujisha siri. Kikao kilifanyika ukumbini, Kenge akiwa mwenyekiti. Aliomba radhi kwa machozi, akaahidi kwamba ukumbi utakuwa bora zaidi, na akazidi kunenepa ilhali hakuna aliyewahi kumwona akila.

Kurumbiza akapeleka neno kwamba miti ingalipo, na inachohitaji ni ufagio na zamu. Kundi kubwa likaondoka kwa kishindo. Mbuyuni walikuta wasikilizaji kumi na wanane, hapana mtama, hapana Kasuku wa kuwasifu, na Bundi akiwauliza zamu yao ya kufagia itakuwa lini. Siku ya nne wengi wao walikuwa wamerudi ukumbini kuwatangazia waliobaki kwamba wao wameshauhama ukumbi. Na Kasuku, ajuaye ladha ya ugomvi, akalirudia tangazo lao pembe zote nne.

Waliosalia mbuyuni ni wachache hadi leo. Hugombana, hufagia, na mara nyingine husahau zamu. Kanga ni mmoja wao, maana huko aliomba majani ya homa mara moja tu akayapata. Mahali pa kuzungumzia pana gharama popote palipo: mtini hulipwa kwa ufagio, ukumbini hulipwa kwa yai. Nawe uliyenisikiliza, ukiambiwa mlangoni kwamba kuingia ni bure, rudi kwanza nyumbani ukahesabu mayai yako.