Zimwi Lenye Zipu

Katika kibanda umiza kimoja hapa Chalinze, chini ya bati linalotema joto la mchana kutwa, tumeganda kwa baridi. Kwenye skrini, mabaharia wa Kiingereza wa mwaka 1845, makoti hadi masikioni, wanaliwa mmoja mmoja na zimwi la barafu. Pumzi zao hazitoi hata chembe ya mvuke. Zimwi nalo hutokea gizani tu (umeme ni ghali), ila zipu ya mgongoni inang'aa.

Franklin wa kweli, kiongozi wa msafara huo wa Waingereza, aliingia barafuni mwaka huohuo na meli mbili, watu 129. Hakurudi hata mmoja. Njaa, baridi na maradhi viliwamaliza bila kulikodi zimwi. Na huku kwetu, mwongozaji Mussa Banzi alitutisha kwa filamu yake Shumileta mwaka 2005, theluji hata kijiko hakununua.

Basi, mabwana wa filamu, kama fedha ni haba, shukeni Bagamoyo, kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge. Weupe upo wa kutosha, na Hollywood ya zamani nayo iliwahi kumwaga chumvi ikaiita theluji. Makoti ya mitumba tunayo. Zimwi lije na zipu yake.