Kinyoya Malishoni: Maelekezo kwa Mwalimu Anayepanda Mushaki

Hongera, mwalimu. Umepewa kazi ya kufundisha badminton sekondari ya Mushaki, na begani una raketi kumi na mbili na wavu mmoja. Mpaka Sake utajiona mtu mwenye mpango. Kutoka pale barabara inaanza kupanda milima ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na mpango wako unaanza kushuka.

Tuanze na kinyoya chenyewe. Kile cha mashindano kina manyoya 16 na uzito usiozidi gramu 5.50. Itafakari hesabu hiyo ukiwa umesimama kwenye malisho ya Mushaki, mahali ambapo upepo hauna cha kuuzuia ila ng'ombe. Mwanafunzi wako atapiga vizuri, sawasawa na ulivyomwonyesha. Kinyoya kitapanda, kitasita hewani, kisha kitaanguka nyuma ya huyohuyo aliyekipiga. Usimkosoe, hana kosa. Wa upande wa pili atakigusa tu, nacho kitateremka bondeni hadi kwa mifugo. Nenda ukakifuate mwenyewe, usimtume mtoto. Mzee mwenye ng'ombe atataka kujua ni kitu gani kimewarukia. Msalimie kwanza, umuulize habari za nyumbani, za maziwa, za bei ya jibini huko Goma. Kinyoya kiulizie mwishoni, kama jambo lililokujia ghafla.

Tena hewa ya milimani ni nyepesi, kinyoya hukimbia zaidi. Ndiyo maana watengenezaji huvipa vinyoya namba za kasi, na vile vya pole, namba 75, ndivyo vya nchi za juu. Muuzaji wa Goma atakuwa na cha plastiki, cha manjano, na ataapa kwamba ni cha kimataifa. Kinunue. Shirikisho la badminton la dunia nalo lilileta badminton ya nje mwaka 2019, AirBadminton, yenye kinyoya kinachostahimili upepo, lakini upepo wa kistaarabu.

Uwanja rasmi ni mita 13.40 kwa 6.10, tambarare. Sehemu tambarare unayoiona pale shuleni ni ya mpira wa miguu, na ukiigusa utakuwa umemaliza kazi kabla hujaanza. Utapewa mteremko. Hapo sheria iliyoanza kujaribiwa mwaka 2018 itakuumbua: anayeanzisha mchezo akipige kinyoya kikiwa chini ya mita 1.15 kutoka ardhini. Ardhi ipi? «Mwalimu, huyu amesimama juu!» Ni kweli amesimama juu. Wabadilishe upande kila pointi tano na uendelee.

Jambo ambalo hakuna atakayekuonya kulihusu ni salamu. Makocha wa dunia nzima hufundisha kwamba raketi hushikwa kama unavyompa mtu mkono. Sema hivyo Mushaki, ugeuke uwatazame: darasa zima limeshika raketi kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto umeshikilia ule wa kulia kwa adabu, na wawili watatu wameinama kidogo. Kijana aliyelelewa vizuri hampi mkubwa mkono mmoja mkavu. Waambie raketi ni rika lao, wanasoma naye darasa moja. Watacheka, na vidole vitalegea vyenyewe, jambo ambalo nusu saa ya maelezo isingelifanya.

Watakudai smashi, maana ndiyo waliyoiona kwenye simu. Wanyime. Hapa kinyoya kinachopanda ni mali ya upepo. Wewe fundisha vinavyopita chini: kuanzisha kwa mgongo wa mkono, kusukuma kidogo juu ya wavu, hatua za miguu bila kinyoya chochote. Mchezaji wa ukumbini mara nyingi hujifunza hayo kwa kununa.

Sasa daftari la mahudhurio. Shuttle Time, mpango wa shirikisho kwa ajili ya shule, una masomo 22 yanayojengana, na unategemea kwamba aliyekuwepo somo la tatu atakuwepo la nne. Mwaka 2023 pekee Mushaki iliingiwa na waasi wa M23, ikapokea askari wa Burundi wa kikosi cha Afrika Mashariki, na mwezi Desemba ikarudi kwa M23. Familia zilishuka Sake na Goma, nyingine zikarudi, nyingine hazijarudi. Kwa hiyo kila somo lianze na kuisha siku hiyohiyo, na aliyechelewa wiki sita apewe raketi bila kuulizwa mbele ya wenzake alikuwa wapi.

Wavu ufunge kwa fundo ambalo ukilivuta mara moja linafunguka. Mvua ya kule haingoji seti iishe, wala si mvua peke yake isiyongoja. Raketi waache wanafunzi walale nazo nyumbani. Prefe, yaani mkuu wa shule, atakataa, atataka zifungiwe ofisini kwake. Mwambie kwa heshima kwamba ofisi ya shule ndiyo huwa ya kwanza kufunguliwa na watu wasio na funguo.