Naomba Chanzo, Baba

Aliyebuni michezo ya mtandaoni ya kuwafundisha watoto kupekua intaneti, ama hana mtoto, ama anaye lakini hawakai nyumba moja. Mwenye kuishi na mtoto wa darasa la sita asingempa silaha ile halafu akamwachia arudi nayo sebuleni, ambako baba ndiye chanzo cha habari kilicho karibu.

Zamani mambo haya yalikuwa na adabu. Mwaka 1985 Wamarekani walitoa mchezo wa kompyuta wa Carmen Sandiego, mwizi wa kike ambaye mtoto anamfukuza nchi hadi nchi kwa dalili za bendera, sarafu na miji mikuu. Ndani ya boksi walitia na kitabu kinene, World Almanac, ili mchezaji akikwama afunue kurasa atafute. Mtoto akipata sarafu aliyokuwa akiitafuta, anafunga kitabu, anamkamata mwizi wake, analala. Mzazi haguswi.

Wa kwangu mwalimu wa TEHAMA kamwonyesha Interland, mchezo wa Google uliotoka mwaka 2017. Ni wa bure, unachezwa humo humo kwenye kivinjari. Mna mto ambao maji yake ni mchanganyiko wa kweli na uongo, na huvuki mpaka ujibu maswali: ujumbe huu umetoka kwa nani, utajuaje kama si wa tapeli, utamuuliza nani kabla hujabonyeza. Mna na mnara wa hazina, unaoujenga kwa nywila imara. Binti yangu aliuvuka mto ule bila kulowa, akatokea ng'ambo akiwa ofisa upelelezi.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya pweza. Tumesimama jioni kwa muuza pweza wa mtaani kwetu, vipande vimepangwa, pilipili ipo, nami nimeshika kikombe cha supu. Nikasema neno ambalo kila mwanaume wa Dar es Salaam hulisema akishika kikombe kile, kwamba supu hii inaongeza nguvu.

"Nguvu za nini, Baba?"

Muuza pweza akageuka kutazama upande wa bahari, ambayo kutoka pale haionekani. Nikajibu kuwa ni nguvu za mwili kwa ujumla.

"Nani amepima?"

Nikaona nibadilishe mada. Yeye kumbe ndiyo kwanza anaanza, kwa sababu darasani walikuwa wamesimuliwa habari za pweza. Mwaka 1998 Mmarekani anayejiita Lyle Zapato alifungua tovuti ya pweza anayeishi kwenye miti, katika misitu ya jimbo la Washington. Akaweka picha, akaeleza tabia zake, akawaomba watu wasaidie kumwokoa asitoweke. Ni mzaha mtupu. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut wakawapeleka wanafunzi kwenye tovuti hiyo, na karibu wote wakaamini. Nilicheka mpaka supu ikamwagika. Pweza juu ya mti! Mtoto gani wa pwani atadanganyika na hilo?

"Wao angalau waliona picha, Baba. Wewe umesikia tu."

Muuza pweza akaniongezea supu bila kuombwa. Nadhani ni huruma.

Nikajiambia nimpeleke uwanja ambao nina uhakika nao. Mimi ni Simba, na Simba yeyote ana tarehe moja anayokwenda nayo mpaka kaburini: Julai 19, 1977, Yanga akala mabao sita kwa bila, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga matatu. Nikamwambia haya, kapekue. Akapekua. Hakuridhika na ukurasa mmoja. Akafungua wa pili na wa tatu, akalinganisha tarehe, akalinganisha majina. Akarudi akanitazama kwa heshima ambayo nilikuwa nimeikosa kwa muda mrefu. "Ni kweli, Baba. Sita bila." Nikaketi vizuri kwenye kochi.

"Na Novemba 5, 2023," akaendelea, "Yanga tano, Simba moja."

Nani aliuliza habari za 2023? Hii ndiyo kasoro ya michezo yao, na sijaona mahali wanapoitaja: haimfundishi mtoto kuishia pale baba alipofurahi. Kule kwenye kurasa alikuta pia kipigo cha mwaka 1968, tano bila, ambacho mimi binafsi nilikuwa nimekubaliana na nafsi yangu kwamba hakikutokea.

Halafu kuna gharama. Huko Marekani, Sam Wineburg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama wahakiki wa habari wakiwa kazini, wakagundua kuwa hawa hawakai kwenye ukurasa mmoja wakausoma hadi mwisho kama wanahistoria walivyofanya. Wanatoka upesi, wanafungua kurasa nyingine, wanauliza wengine wanasemaje kuhusu huyu. Ushauri mzuri sana kwa mtu ambaye intaneti ya chuo inamlipia. Kwangu kila ukurasa mpya unafunguliwa kwa kifurushi changu cha wiki, ambacho sasa kinafia Jumanne. Ukweli kuhusu pweza peke yake umenila zaidi ya pweza mwenyewe.

Lakini kilichonigombanisha na ukoo ni mchezo mwingine, Bad News, wa mwaka 2018, uliotengenezwa na Waholanzi pamoja na watafiti wa Cambridge. Huu unamgeuza mchezaji kuwa mzushi. Unajikusanyia wafuasi na kupewa beji sita: ya kujifanya mtu mwingine, ya kupandisha watu jazba, ya kuwagawa, ya kutunga njama, ya kumchafua anayekukosoa, na ya uchokozi. Wanasema ukionja hila zenyewe kidogo, hazikupati tena, kama chanjo. Binti yangu alipomaliza, akafungua kundi la WhatsApp la familia, akasoma kimya kimya, kisha akaniita. "Baba, mjomba anazo tano."

Mjomba wake, yaani shemeji yangu, ndiye daktari, mchumi na mtabiri wa hali ya hewa wa kundi letu. Siku hiyo alikuwa ametuma dawa ya kisukari ya majani, yenye mishale miwili ya ujumbe uliopita mikono mingi, na maneno "imethibitishwa na madaktari bingwa". Kabla sijamnyang'anya simu, binti alikwisha kuandika: "Shikamoo mjomba. Madaktari wa hospitali gani? Naomba chanzo."

Watu thelathini waliona. Hakuna aliyejibu, isipokuwa bibi yake, ambaye aliweka dole gumba. Mpaka leo hatujui kama alikusudia.

Shemeji akanipigia. "Shemeji, mtoto anakosa adabu." Nikamwambia ameanza na shikamoo, mimi hapo sina pa kushika. Akakata simu.

Tangu hapo haandiki tena. Anatuma sauti, za dakika nane, dakika kumi, akijua sauti haipekuliki kirahisi kama maandishi. Binti anazisikiliza zote mpaka mwisho, daftari mkononi, na kuzipakua ni kwa bando langu.