Wasiwasi Apewe Nishani

Kila mwaka ifikapo Jamhuri, Desemba 12, Rais huwatunuku watu nishani na majina yao huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Huyu kapewa EGH, yule MBS, wengine OGW, kisha unafuata mkia mrefu wa wale wa HSC. Wamo majaji, machifu, wakimbiaji, maaskofu, na mara mojamoja mtu ambaye hata majirani zake hawajui kafanya nini. Nimeisoma orodha hiyo miaka na miaka nikimtafuta mtumishi mmoja ambaye hajachelewa kazini, hajaomba likizo, wala hajaugua, na ambaye huihudumia Parklands nzima, kuanzia Limuru Road hadi kwenye mipaka ya Westlands, bila kulipwa hata senti. Hayumo. Kwa kuwa hana mbunge wa kumsemea, nitamsemea mimi. Namzungumzia Wasiwasi, na katika ukoo wake mkubwa, namaanisha yule wa kupigwa kalamu katika kazi unayoipenda kwa sababu umekosea tena.

Asichanganywe na ndugu zake. Yuko Wasiwasi wa mtu mwenye mkopo wa sacco na karo ya watoto watatu. Huyo tunamheshimu, lakini anaogopea mshahara, si kazi. Yuko na wa mzembe, anayeshtuka pale tu bosi anapotokea mlangoni na kulala bosi akishapita. Ninayempigia debe mimi ni wa yule anayeamka akitamani kufika kazini, akifika anakosea, anasahihishwa, anaomba radhi kwa dhati, na wiki ya pili anakosea palepale. Usiyeipenda kazi yako usihangaike kumngoja. Hapotezi muda wake kwako.

Na makao aliyachagua kwa akili. Ukitaka mtaa uliojengwa kwa ajili ya kukosea, njoo Parklands. Barabara zake zilipewa namba kana kwamba majina yalikuwa yamekwisha dukani: First Parklands, Second, Third, mpaka Sixth. Kijana wa boda akitumwa Third huishia Fourth akibisha mlango wa watu wanaokula chakula cha mchana. Mwambie dereva wa teksi akupeleke "hospitali ya Parklands" naye atakuuliza ipi, maana kuna Aga Khan, kuna MP Shah, kuna Avenue, na katikati yake zimejazana maabara, kliniki za meno, za macho na kemisti zisizo na idadi. Kila kaunta ina karatasi, kila karatasi ina jina la mtu na namba, na mtaani hapa kina Patel na kina Shah wanaweza kukaa watano kwenye benchi moja. Wasiwasi angehamia wapi kwingine?

Katika kemisti moja ya mtaa huu, ambayo sitaitaja, yuko binti ninayemwona kila ninapokwenda kuchukua dawa ya presha ya mama. Hutoka Kangemi, hushuka Westlands, na kipande kilichobaki hukimaliza kwa miguu. Kazi anaipenda, na huhitaji kumuuliza. Mabibi wa Kigujarati humwita "beti", yaani binti yangu, wakimsalimu "Kem cho?" anawajibu "Majama!" kwa kujiamini hivi kwamba wengine huendelea kumsimulia mambo ya magoti yao kwa Kigujarati, naye hutikisa kichwa mahali panapostahili. Anajua nani anameza vidonge vya sukari na nani anasema anavimeza. Huyu binti ana barua mbili za onyo kwenye faili lake. Kosa ni lilelile mara zote mbili: alitoa boksi lililofanana na jirani yake rafuni. Mara ya kwanza supavaiza aliliona. Mara ya pili aliyeliona ni mteja, mwalimu mstaafu, ambaye nadhani alifurahi kupata tena kitu cha kusahihisha.

Sasa mtazame akifanya kazi, utaona mkono wa Wasiwasi. Anapokea karatasi ya daktari, anaisoma huku midomo ikitembea. Anatoa boksi. Anasoma boksi, anairudia karatasi, anaangalia boksi upande wa pili kana kwamba huenda lina maoni tofauti. Anamwaga vidonge kwenye sinia dogo la kuhesabia na kuvikokota kwa kijiti bapa, vitano, vitano, vitano. Akifika ishirini na tano anasita, anavirudisha vyote na kuanza upya. Mtu wa tatu kwenye foleni anakohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa. Wasiwasi, aliyeegemea kaunta, anamnong'oneza binti: hebu hesabu tena.

Mwenye kuudharau uangalifu huo akidhani ni mambo ya wasiojiweza, nampa kisa cha Losec. Ilikuwa dawa ya asidi ya tumbo iliyouzwa Marekani, na jina lake lilikaribiana mno na Lasix, dawa ya kupunguza maji mwilini. Watu waliosomea dawa miaka na miaka walizichanganya, hadi mwaka 1990 ikabidi Losec ibadilishwe jina ikaitwa Prilosec. Yaani dawa ndiyo iliyopewa barua ya onyo. Nimemsimulia binti kisa hicho. Alicheka, kisha akaniuliza kama nina uhakika na mwaka.

Na asipokuwepo Wasiwasi, tunajua yanayotokea. Februari 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ng'ambo ya pili ya mji, mgonjwa alifunguliwa kichwa hali hakuhitaji upasuaji. Alikuwa amechanganywa na mwenzake mwenye damu iliyoganda kwenye ubongo. Watu wakasimamishwa kazi, mkuu wa hospitali akapewa likizo ya lazima. Lakini kinga ya kosa kama hilo ilikwishajulikana. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi ya vipengele 19 ya kusomwa chumba cha upasuaji: huyu ni nani, tunampasua wapi, tunampasua nini, pamba zimehesabiwa? Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo Ifakara, Tanzania, na matokeo yalipochapishwa Januari 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isome karatasi hiyo kwa utulivu na utamtambua aliyeitunga. Ni Wasiwasi, safari hii amevaa tai.

Waajiri, mnajua mnavyomnyonya mtumishi huyu? Hakatwi NSSF, hakatwi SHIF, haguswi na ile asilimia 1.5 ya nyumba. Ni supavaiza ambaye hamkumtafutia kiti wala chai ya saa nne. Ninyi mkifunga duka mnaondoka. Yeye humsindikiza mfanyakazi wenu hadi Westlands, humwingiza kwenye matatu, huketi naye nyuma, na kabla hawajafika Kangemi wamekwisha kukagua kila mteja wa siku hiyo. Yule mzee wa koti la kijivu, nilimwandikia mara mbili kwa siku au mara tatu? Saa tisa usiku wanalifungua faili upya. Mhasibu gani anafanya hesabu saa tisa usiku bila kudai ovataimu?

Kisha kuna elimu anayoitoa. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha sheria hapahapa Parklands, na shahada yake huchukua miaka minne. Wasiwasi humaliza silabasi usiku mmoja, simu ikiwa chini ya blanketi. Binti yetu hakuwahi kufikiria kuisoma Sheria ya Ajira ya 2007. Sasa anaijua kwa vifungu. Anajua kwamba kifungu cha 44 kinampa mwajiri ruhusa ya kukufukuza papo hapo ikiwa, miongoni mwa mengine, umeifanya kazi yako kwa uzembe na isivyofaa. Hapo alikaa muda mrefu. Anajua kwamba kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri kwanza akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe, na akusikilize. Anajua kwamba korti ikiona umeonewa yaweza kukupa fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12. Alipofika hapo alikwisha kumchagua wa kwenda naye: mlinzi wa mlangoni, kwa sababu ana sauti. Baadaye akakumbuka kwamba mlinzi ameajiriwa na kampuni nyingine, kwa hiyo si mwenzake kisheria, na ikabidi achague upya. Kukapambazuka.

Hakuna aliye kamili, na mtumishi huyu ana mahali pamoja Parklands asipopapenda, napo ni City Park. Si kwa ajili ya kima wanaopokonya watu ndizi. Ni kwa sababu pale amezikwa Joseph Murumbi, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa mwaka 1965. Murumbi alifanywa Makamu wa Rais mwaka 1966, na mwaka uleule akajiuzulu, akarudi kwenye vitabu vyake na kazi za sanaa. Mtu aliyekiacha mwenyewe kiti cha pili kwa ukubwa nchini ni mfano mbaya mno kuwekwa mahali ambapo wafanyakazi huenda kupumzika mchana. Binti akila chapati yake kule, Wasiwasi humsubiri langoni.

Maadui zake wanasema kwamba yeye ndiye huleta makosa anayoyaogopa. Wana ushahidi, sikatai. Mwaka 1908 Wamarekani wawili, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafunza panya kuchagua kati ya njia nyeupe na nyeusi, na panya akikosea alipigwa shoti ya umeme. Pale ambapo tofauti ya mwanga ilikuwa dhahiri, shoti kali iliwafundisha haraka. Tofauti ilipokuwa ndogo, shoti kali iliwavuruga, wakajifunza polepole kuliko waliopigwa shoti ya wastani. Nami nimeyaona hayo pale kaunta: siku barua ya pili ilipotolewa, binti alihesabu vidonge mara tatu, idadi ikatimia barabara, na mteja akaondoka bila kupewa chenji. Lakini mimi huyaona hayo kuwa ukarimu. Wasiwasi halipendi kosa liwe pweke, hulitafutia mwenzake.

Watu husema wasiwasi ndiyo akili, na hapo hapo, bila kupumua, husema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Aliyelitunga hilo la pili simjui, ila naamini hakuwahi kusimama nyuma ya kaunta yenye maboksi mawili ya rangi moja, ukubwa mmoja, herufi zilezile, yaliyopangwa ubavu kwa ubavu kwa sababu aliyepanga rafu alifuata alfabeti. Kosa hurudiwa kwa kuwa mlango lililoingilia haujafungwa. Na hapa ndipo sifa kuu ya Wasiwasi ilipo, ile inayomstahilisha nishani ya daraja la juu: kwa miezi yote aliyomlaza binti macho, hajamwambia hata siku moja aiangalie rafu. Amemwambia aangalie macho yake, akili yake, usingizi wake, malezi yake, kama alistahili kusomea dawa tangu mwanzo. Hajauliza kwa nini jioni, watu wakitoka kliniki, kaunta mbili zina mtu mmoja. Hajauliza kuhusu taa ya pembeni inayopepesa. Kila deni hulipeleka kwa binti na risiti humpa mwenye duka. Utiifu wa namna hiyo kwa mwajiri hata mameneja wanaolipwa vizuri hawanao.

Mwezi uliopita akaja mwanafunzi wa mazoezi, kijana asiyejua adabu za pale. Siku yake ya pili tu akauliza mbona hizi mbili zimewekwa pamoja, akalitoa boksi moja na kulipeleka rafu ya chini, akabandika karatasi nyekundu kwenye ile nafasi. Kazi yenyewe haikumchukua hata muda wa kuhesabu vidonge thelathini. Tangu hapo kosa lile halijatokea, na binti nasikia amerudia kulala hadi alfajiri.

Wasiwasi yuko taabani. Anafika asubuhi mapema kama kawaida, anaegemea kaunta, anaiangalia rafu, hana la kunong'ona. Wiki nzima amekaribia kumshtua binti mara mbili, na mara zote mbili boksi lilikuwa sahihi. Yeye ndiye aliyekosea, na amerudia. Kazi yenyewe anaipenda, hajui nyingine. Inasemekana barua yake ya kutakiwa kujieleza imeshachapwa. Ana haki ya kusikilizwa akiwa na mwenzake anayemtaka, naye amemtaja Kukosa Usingizi, ila kuna ubishi kama huyo bado ni mwajiriwa wa pale.