Muulize Bi Vuguvugu: Nyoka Havishwi Soksi

*Bi Vuguvugu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Bukoba, nasoma Minneapolis. Nimepanga chumba kilichozama nusu ardhini, na swichi ya hita anayo mwenye nyumba, ambaye kwake nyuzi 16 ni kiangazi. Nafuga chatu, wale wadogo wa Ghana na Togo wanaojikunja duara wakiogopa. Nje ni hasi 20. Nimemvisha soksi ndefu ya sufu na kumzungushia blanketi, lakini nikimgusa ni wa baridi vilevile. Nilale naye? — Mwenye Huruma*

Marahaba, mwanangu. Mvue soksi kwanza, ndipo tuongee.

Blanketi halina joto lake. Linazuia la kwako lisipotee, ndiyo maana asubuhi kutoka ni vita. Nyoka hana joto la kuzuiwa. Huazima la mahali alipo. Ukimfunika na ubaridi wake, umeutunza ubaridi, tena kwa ustadi. (Wapo chatu majike wa Asia ambao wakiatamia mayai hutetemesha misuli makusudi mpaka mayai yakapata moto. Wako si wa ukoo huo, na kwenye picha uliyotuma sioni mayai, naona soksi.)

Cha kupashwa ni nyumba yake, tena upande mmoja. Huko pawe nyuzi 31 au 32, kule kwingine 25 hivi, naye atahama mwenyewe kama wazee wanavyofuata kivuli cha mwembe. Nunua mkeka mdogo wa umeme, uuweke chini ya tangi upande mmoja tu, na usiuchomeke ukutani moja kwa moja. Uupitishe kwenye thamostati. Mkeka usio na thamostati haujui kusema basi, na nyoka naye ana kasoro: anaweza kulalia kitu kinachomuunguza tumbo asiondoke. Kwa sababu hiyohiyo, yale mawe ya umeme wanayouza yamepambwa kama ya jangwani waachie dukani.

Sasa, kwa nyuzi 16 za mwenye nyumba wako, mkeka peke yake utapasha sakafu na hewa ibaki ya jokofu. Ongeza balbu ya kauri juu, ile inayotoa joto bila mwanga, nayo iwe na thamostati yake, na uizungushie wavu asije akaikumbatia. Halafu lile povu gumu jeupe lililokuja na televisheni, ambalo najua hujalitupa, likate ulibandike nje ya kioo pande tatu. Kioo kinavujisha joto kuliko unavyodhani. Matundu ya hewa usiyazibe.

Pima joto pale nyoka anapolala. Kipimajoto cha kubandika kinasoma kioo, na kioo hakina tumbo. Chungulia na unyevu, maana joto hili hukausha hewa: ukiona ngozi anaivua vipande vipande, bakuli la maji liwe kubwa zaidi. Ukimsikia anakoroma, au ukaona mapovu mdomoni, mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua nyoka, wala usiniandikie mimi.

Kulala naye hapana. Utamgeukia usiku, au atakukimbia akaingia ukutani, na mwenye nyumba atakuwa na wapangaji wawili kwa kodi ya mmoja.

*Dada Vuguvugu, niko Houston. Ile Februari 2021 Texas ilipoganda na umeme ukakatika, nyumba nzima tulikuwa na chupa moja tu ya maji ya moto. Mume wangu akampa nyoka. Akamtia na kwenye foronya yangu. Tangu hapo kila baridi ikitangazwa naikumbuka ile chupa. Nani mwenye makosa? — Mke wa Pili*

Pole, shoga. Kwa ufundi, mumeo alipatia. Nyoka hutiwa kwenye foronya ikafungwa, foronya ikatiwa kwenye boksi la kuhifadhia barafu, pembeni ikawekwa chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo. Boksi linalozuia joto lisiingie huzuia pia lisitoke.

Kwa ndoa, alikosea. Nyoka mzima wa afya akikaa usiku mmoja kwenye baridi ya wastani huwa mzito na mnyonge, lakini hanuni. Wewe ulinuna, na mpaka leo. Mngepokezana.

Mawili nayasema bila utani. Umeme ukikatika asilishwe: tumbo la nyoka halisagi bila joto, panya ataozea humo au atatapikwa. Na msiwashe jiko la mkaa ndani wala gari gerejini ili mpate joto. Houston ile ile, majira yale yale, watu walikufa kwa moshi wa namna hiyo.

*Jirani yangu Atlanta anawaweka nyoka wake wa mahindi gerejini kwenye baridi, makusudi, miezi miwili. Nimshitaki? — Raia Mwema*

La. Nyoka wa mahindi ni mwenyeji wa Georgia. Porini majira hayo hujichimbia akatulia. Wafugaji humwacha kwanza amalize chakula chote tumboni, kisha humshusha taratibu hadi nyuzi 10 au 13, na majira ya kuchipua anazaliana vizuri. Jirani akimfanyia hivyo chatu wa Ghana, ambaye kwao hakuna msimu huo, rudi uniandikie.

*Dada, mimi ni mama wa Tanga. Mwanangu yuko Marekani, anasema miezi hii hawezi kutuma chochote kwa sababu umeme wa kumpasha nyoka unamaliza mshahara. Nimwamini? — Mama Mvumilivu*

Mama, mkeka ule hula wati 20 hivi. Ukiwaka mchana na usiku bila kuzimwa, ni uniti 14 au 15 kwa mwezi, na wenye thamostati ni pungufu ya hapo. Unanunua umeme wa LUKU, hesabu hiyo unaiweza kuliko mimi. Mwambie akutumie picha ya huyo nyoka, na aliyemshika naye aonekane uso.